Chanya ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

...na hii alama ya chanya, ilitoka wapi hii chanya, mtahini ameuliza kwa upole tu, "Hebu tupitishe hapo, binti," kama mtu anayeuliza saa, na yeye amesimama ubaoni na chaki mkononi, miaka sita ya tasnifu mgongoni, na aljebra yake ile ambayo tendo lake hupokea vitu vitatu kwa mpigo, ukilipatia viwili halitoi kitu, kila kimoja na daraja lake, shufwa au witiri, cha shufwa hupishana na chochote bila neno, lakini viwili vya witiri vikipishana lazima alama igeuke, chanya iwe hasi, huwaambia wanafunzi wake, mimi na dada yangu hatupishani mlangoni bila kununiana, ila mama hupita katikati akicheka, nao hucheka... na hapa, mstari wa tatu wa ukurasa wa arobaini na moja, viwili vya witiri vimepishana na alama haikugeuka, Mungu wangu, haikugeuka, na kila kinachofuata kimesimama juu yake, profesa wake anakuna ndevu, hajaona, mtahini hajaona, "Sema ni hesabu ya kawaida, tuendelee," profesa anamnong'oneza, na angesema yakaisha... lakini ukurasa huu anaukumbuka, simu ilikuwa begani, dada akilia, "Njoo sasa hivi, mama anakuulizia," na yeye, kalamu mbio, "Nakuja, dada, namalizia ukurasa huu tu," "Kwani huo ukurasa una miguu?" na akaumalizia, akapiga mstari chini kwa rula, akafika wodini kitanda kimeshatandikwa upya, dada hakumtukana, alimpisha tu mlangoni, na sasa nyumbani wamebaki wawili, viwili havitoi kitu, miezi kumi na minne hawajazungumza, naye amejishikiza kwa neno moja, angalau ukurasa ulikamilika... majuto ni mjukuu, mama alipenda kusema, na huyu ndiye mjukuu pekee aliyempa, "Binti, unahitaji maji?" hahitaji maji, chaki imelowa jasho, kwani nani hupiga mstari kwa rula mama yake akikata roho, hakuwa akimalizia chochote, aliogopa kile kitanda, aliogopa uso wa mama, akajificha ndani ya karatasi, na hata karatasi haikumficha... chaki bado i hewani, haijagusa ubao, mtahini na profesa wanamtazama, na neno la kwanza litakalomtoka kinywani, hapa, na kesho mlangoni kwa dada, analijua sasa, ni nilikosea.