Mlango wa Kwa Evarista

Kitendawili! Haya, sema tega. Nyumba yangu ina milango mitatu: mmoja unatazama barabara, mmoja unatazama uani, wa tatu unatazama sufuria ya mwenzangu. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni nyumba ya Sikudhani, pale Mkonze.

Mlango huo wa tatu ulizaliwa mumewe Masudi alipofariki. Sikudhani alikaa eda, hatoki nje, na jirani yake Evarista, mama Raphael, akachoka kuzunguka barabarani na bakuli la uji. Akaita fundi, ukuta wa mpakani ukatobolewa. Eda ikaisha, mlango ukabaki. Siku hizi presha ikimwangusha Sikudhani, anayefika kwanza ni Evarista.

Sasa rasimu ya kanuni mpya za ujenzi inasema ukuta wa mpakani usiwe na tundu lolote, moto usivuke. Wananchi wakaitwa shuleni kutoa maoni. Walipokuwa wakitoka nyumbani kwenda huko, Evarista aliuliza, "Da Siku, tuuzibe wenyewe kabla hawajatuzibia?"

Sikudhani akajifanya anatafuta kandambili.

Darasani walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Sikudhani alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

"Kipengele cha kuta," alisema afisa, kijana aitwaye Ambokile. "Nani ana maoni?"



"Maoni gani, mwanangu?" Hamidu muuza mkaa alipaza sauti. "Nikisema sikitaki, si utanifuata nyumbani na futi kamba?"

Watu wakacheka, kisha wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa na lake ukutani.

"Ni rasimu tu, mzee. Hakuna atakayevunjiwa leo."

"Leo!" wakaitikia wa nyuma.

Sikudhani aliinua mkono, ukaishia kujikuna shingo. Akisema, mlango umejulikana. Asiposema, umezibwa. Evarista akamkanyaga mguu. "Nilikuuliza, lakini."

Ambokile alifunua ukurasa. "Basi, tunaingia vyoo."

"Ngoja kwanza, baba!" Sikudhani alisimama, gauni likanasa kwenye dawati, akalinasua kwa hasira. "Ukuta wangu umetobolewa. Nikianguka, jirani anapitia hapo. Kama mnaogopa moto, andikeni tuweke mlango wa chuma, tutauweka. Njoo na hiyo futi kamba yako uupime."

Darasa zima likamgeukia. Naye akamwinamia Evarista.

"Hatuuzibi, mama Raphael."