Foleni Tatu za Mazishi ya Nyaboke

Nyaboke alikuwa azikwe Jumamosi, ibada ianze saa nne asubuhi katika kanisa lao la Arlington, ughaibuni. Mama yake mzazi, Mama Moraa, asingeweza kuja. Miguu ilikuwa imevimba kwa kisukari, na daktari wake kule Kisii alimkataza kupanda ndege. Aliomba jambo moja tu: kabla jeneza halijafungwa, apewe dakika tano aseme na mwanawe kwa simu, asikike ukumbi mzima.

"Mama, hilo niachie mimi," Elphas, mkwewe aliyekuwa mume wa Nyaboke, alimjibu. "Ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Miaka tisa alikuwa fundi wa mitandao kwenye ghala moja la Fort Worth. Alijua kwamba intaneti ikibanwa, ruta ndiyo huamua nani apite na nani asubiri, nayo hufuata foleni alizozipanga fundi. Ghalani siku zote aliweka sauti za simu foleni ya kwanza. Sauti ni nyepesi, haidai nafasi kubwa, ila haiwezi kungoja. Ikichelewa kidogo tu inakatika. Video ni nzito lakini ina subira. Hayo angeweza kuyaeleza akiwa usingizini.

Lakini usingizi wenyewe hakuwa nao. Ijumaa mchana alipoinama mbele ya kabati la ruta pale kanisani, ilikuwa siku ya sita hajalala sawasawa. Vital, Mkongomani anayeshika kamera za kanisa, alikuja kusimama nyuma yake.

"Papa Shalom," alimwita kwa jina la bintiye, "pole tena. Lakini kesho picha isikwame, eh? Kwa mazishi ya Papa Gelasius tulikwama mara saba. Watu wa Goma na wa Houston wanatuseka mpaka leo."

"Haitakwama."

"Wanasema kanisa la Arlington linazika watu vipande-vipande." Vital alicheka, kisha akakumbuka anacheka na nani, akajiziba mdomo. "Unisamehe, Papa."

Maneno yale yalimchoma Elphas. Hakutaka Nyaboke wake azikwe vipande-vipande. Akaweka matangazo ya video ya moja kwa moja, yale ya kuwafikia walio mbali, foleni ya kwanza: chochote cha matangazo, kiwe kinatoka au kinaingia, kipite mbele ya vyote, bila kikomo. Simu ya mama mkwe akaiweka ya pili. Vingine vyote, ya tatu. Akajaribu kumpigia Mama Moraa, naye akasikika kama yuko chumba cha pili. Ukumbi ulikuwa mtupu saa hiyo. Elphas akafunga kabati na kutia ufunguo mfukoni.

Jumamosi walikuja watu mia tatu. Elphas aliketi mbele kabisa na binti yake Shalom, jeneza likiwa wazi hatua chache kutoka miguuni pao. Nyuma yake wanawake wawili walinong'ona.

"Fanny, unatazama nini kwenye simu na mazishi yapo hapo mbele?"

"Nasalimia watu. Ona, Clothilde wa Houston ameandika pole. Fungua na yako, dada yako wa Eldoret atakuona."

"Anione na nywele hizi?"

"Aa, ataona jina tu, fungua bwana!"

Elphas aliyasikia, asiyatilie maanani. Benchi baada ya benchi, simu zilifunguliwa kwenye matangazo hayo, zote kwa mtandao wa kanisa. Watu waliokuwa wamekaa karibu na jeneza walilitazama jeneza lile lile viganjani mwao, wakiandika pole na kusomeana majina ya walio mbali.

Uso wa Mama Moraa ulitokea kwenye skrini kubwa.

"Nyaboke wangu," alisema. "Mwanangu wa... ulipo... mimi na baba... kabla hawaja... mkono wa..."

Elphas alielewa papo hapo. Matangazo yalikuwa yakirudi kwenye mamia ya simu mle ndani, yote katika foleni ya kwanza aliyoiacha bila kikomo, na sauti ya mama mkwe ilikuwa nyuma ya hayo yote ikisubiri. Akainuka. Mzee Gichuki, aliyeketi karibu, na mwenzake wakamdaka mabegani.

"Jikaze, Baba Shalom. Kaa."

"Niacheni. Ni ruta."

"Ndiyo, tunajua. Kaa kidogo, upumue."

"Jamani, ruta!"

"Mleteeni maji," mtu alisema.

Alijinasua kwa nguvu, akakimbia hadi kabatini. Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Alipokuwa akihamisha sauti kwenda foleni ya kwanza, alisikia ukumbi mzima ukiitikia, "Amina."

Aliporudi ukumbini, alikuta skrini imezimika.

"Amesema nini?" alimuuliza mchungaji.

Mchungaji aliinamisha macho. "Ilikuwa inakatika sana. Nilishindwa kumkatiza mzazi akilia. Nikamwambia, tumekusikia, Mama."

Vital alirudisha rekodi nyuma: vipande vile vile. Elphas akapiga simu Kisii mara nne, imezimwa. Gari la maiti lilikuwa likingoja, na makaburini Mansfield walikuwa wamepewa saa yao. Jeneza likafungwa.

Mama Moraa alipatikana saa saba mchana, Elphas akiwa ndani ya gari, ng'ambo ya kaburi.

"Nilizima simu nilie," alisema. Safari hii kila silabi ilifika. "Mlinisikia?"

"Tulikusikia, Mama."

"Jamaa wa hapa nyumbani walitaka kukaa nami chumbani nikisema, nikawafukuza. Yale yalikuwa yangu na mwanangu, na nyinyi mliokuwa naye." Akavuta pumzi. "Na lile nililoomba afanyiwe kabla ya kufunikwa?"

Wachimbaji walikuwa wakipakia sepetu kwenye gari lao. Elphas aliwatazama. Angeweza kumuuliza ni lipi. Lakini kumuuliza ni kumwambia kwamba Nyaboke ameingia ardhini bila hilo.

"Alifanyiwa."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Mungu akubariki, mwanangu." Alilia kidogo, kisha sauti ikatulia. "Basi leo nitalala. Shalom akikua, umwambie maneno yale yote. Mimi sina nguvu ya kuyasema tena."

"Nitamwambia," Elphas alisema.