Barafu ya Bwana Hakika

Bosi wetu tulimwita Bwana Hakika, maana hata akipiga chafya alikuwa na hakika nayo. Vyeti vyake vilijaza ukuta mzima. Mimi, fundi wa mabati, sikuwa na hata kimoja. Mambo ya redio nilijifunza kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga.

Karakana yetu ilikuwa ikiunda rada ya kupelekwa kwenye sayari nyingine, ikatafute barafu chini ya ardhi. Si uchawi: inatupa wimbi chini, inasubiri mwangwi, inapima umekawia kiasi gani. Kuijaribu, tulichimba shimo ndani ya banda, nami nikalijaza mchanga mkavu, toroli elfu tatu kwa siku moja. Anayebisha akaliulize toroli.

Jaribio la kwanza tu, mstari mweupe ukatokea kwenye kioo cha rada, mita tano chini.

"Barafu!" Bwana Hakika akapiga kelele.

"Barafu ya wapi, bosi? Mchanga huo nimeuanika mwenyewe."

"Wewe mzee wa mabati, nyamaza. Chombo hakidanganyi."

Binti wa dada yangu, mhandisi aliyeichora antena, akaeleza taratibu kwamba wimbi linavuja kwa juu pia, linagonga paa na kurudi. Akakataa kutia saini ripoti ya barafu. Basi bosi akaandika barua ya kumtoa kikosini, ianze kazi wakaguzi wa safari ya sayari wakishakuja na kuondoka. Miaka sita ya jasho la mtoto wa watu, kisa mtu mzima hajui kuinua shingo!

"Mjomba, acha tu," aliniambia, macho mekundu.

"Niache nini? Mimi na paa tunajuana."

Wakaguzi walipofika, Bwana Hakika alikuwa ametuna kama jogoo juu ya jaa. Mimi nilikuwa juu ya paa na spana. Bolti mia mbili nilizifungua kabla chai yangu haijapoa, tena kwa mkono mmoja, maana wa pili ulishika kikombe. Mabati yakatoka moja moja. Jua likamwagika bandani. Unadhani msomi wetu alitazama juu? Alikisogeza kioo kivulini, akaendelea kuhutubia.

"Mstari wako unafifia," akasema mkaguzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani mizito.

"Hakika, mama! Ni jua hili. Barafu inayeyuka."

"Mita tano chini? Kwa dakika kumi?"

"Rada yetu ina hisia kali."

Nikaliondoa bati la mwisho juu ya antena. Mstari ukafa. Nikalirudisha, ukafufuka. Nikaliondoa tena, ukafa.

"Bosi," nikachungulia tunduni, "nikugandishie nyingine?"

Wakaguzi walicheka hadi mmoja akakaa kwenye mchanga. Yule mama hakucheka; alifungua ripoti, akaona saini moja haipo.

"Nani alikataa kutia saini?"

Mpwa wangu akainua mkono. "Na kwa hilo kaandikiwa barua ya kumtoa kikosini!" nikapaza sauti toka juu.

"Basi jaribio utalirudia wewe. Na ile barua yake," akamgeukia bosi, "nipe mimi."

Barua ikatolewa, ikachanwa vipande vinne.

Mpwa wangu hakupoteza muda. "Mjomba, toa na yale ya upande wa mlango!"

"Nami nifanye nini?" Bwana Hakika akauliza.

"Toka nje, bosi," mpwa wangu akamjibu. "Una funguo mfukoni, rada inaziona."

Akatoka, huku anajipapasa mifuko.