Ukuta wa Chumba cha Lorene

Barua tatu Orville Kubiak aliwaandikia wenye nyumba aliyopanga, na zote tatu zilizama kama mawe yaliyotupwa ziwani. Kisha Jumatatu, ghafla, akakuta karatasi mlangoni: mafundi watakuja Alhamisi kutengeneza ukuta wa chumba cha kulala.

Watu waliokunyamazia miaka miwili hawaamki asubuhi moja wakiwa na huruma. Wanakuja kuficha, akajiambia. Watabeba kilichooza, watauvalisha ukuta plastiki mpya, na hakuna atakayejua tena ni kitu gani kilichokuwa nyuma ya kitanda alicholalia Lorene, mkewe, akikohoa mpaka pumzi ikamwisha. Alipokuwa hai na kulalamika, ofisi ya wenye nyumba walimjibu neno moja tu: fungueni madirisha. Mwezi wa pili, hapa mjini Erie, theluji magotini, fungueni madirisha! Aliyelisema hilo alilisema miguu ikiwa karibu na hita.

Kwa hiyo Jumatano aliamua kuona mwenyewe, kabla yao. Akatoka nje, akangoja jua la adhuhuri liupashe ukuta na mbao za plastiki zilizouvika, kwani plastiki ya baridi huvunjika kama biskuti, na kipande kimoja kikivunjika ofisi wangepata la kusema. Kisha akatoa chuma chake cha kufungulia: kifupi, mpini wa mbao, ncha imepinda kama kidole kinachomwita mtu. Akakipenyeza pale ubao wa plastiki wa juu ulipong'ata wa chini, akavuta kuelekea chini, akakitembeza taratibu hadi kona. Tak, tak, tak. Ubao ukaachia.

"Orville! Unaivua nguo nyumba ya watu mchana kweupe?"

Alikuwa Bernadine, jirani wa mlango wa pili. Mpwa wake husafisha ofisi ya wenye nyumba, na Orville hakulisahau hilo hata siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kama umekuja kuchungulia, chungulia. Kama umetumwa, kawaambie."

"Nimetumwa na ubao huo unaotaka kukuangukia, mzee. Sogea nishike."

Akauinua ubao wa juu kwa bega. Orville hakushukuru. Chini yake misumari ilionekana, na hapo akaguna. Msumari wa ukuta wa namna hii haupigiliwi hadi mwisho; plastiki hutanuka kiangazi, nayo lazima ipate nafasi ya kuteleza. Hii ilikuwa imezamishwa hadi kichwa.

"Wamepigilia kama jeneza," akasema. "Plastiki ikakunjamana, maji yakapata njia."

Akaing'oa mmoja mmoja, akautoa ubao wa chini mzima. Karatasi ya kuzuia maji, inayopaswa kuwa nyuma ya plastiki, haikuwepo. Palikuwa na mbao nyeusi, zilizolowa, zinazonuka kama pishi lililofurika. Akasukuma kidole. Kikazama hadi kiungo cha pili.

Hakufurahi. Alikuwa amengoja sana siku ya kuwashinda, na sasa ushindi ulikuwa unanuka.

Bernadine akageuza shingo, akazitazama mbao zile. Kisha akasema, "Rudisha."

"Nini?"

"Rudisha ubao. Kesho wafungue wenyewe, sisi tumesimama hapa tunatazama. Wakikuta umeshafungua watasema ni wewe uliyeingiza maji. Kwani huwajui?"

Lilikuwa neno la busara. Na ndilo neno ambalo mtu wao angelisema.

"Nani aliwaambia waje kesho?"

"Mimi. Nimekwenda ofisini mara saba. Lorene aliniomba kabla hajafa. Alisema barua zako zinaanza na 'wezi ninyi', na hakuna anayefika mstari wa pili."

Kweli. Ndivyo zilivyoanza, zote tatu. Lakini barua hizo ziko ofisini, na anayesafisha ofisi anaweza kusoma.

Akamega kipande cha ubao uliooza, akakipasua kwa vidole.

"Nusu yako. Kama wewe ni mtu wao, kesho utakuwa umekipoteza."

"Hata kuni mbovu unanipa kwa mtego!" Bernadine akacheka, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni mwa koti. "Haya, funga ukuta. Bega linauma."

Orville akaurudisha ubao, akapiga misumari bila kuizamisha, inavyotakiwa, akauvuta wa juu kwa chuma chake mpaka ukang'ata tena. Kona ya mwisho ikagoma. Bernadine akaigonga kwa kiganja, ikaingia.

"Saa moja asubuhi," akasema Orville. "Kabla hawajafika."

"Saa moja. Na unyoe hizo ndevu, wasije wakadhani kilichooza ni wewe."

Orville akangoja mpaka Bernadine alipofunga mlango wake. Ndipo akaingia ndani, akatia nusu yake kwenye kopo la kahawa, akalikaza kifuniko, akalisukuma chini kabisa ya kitanda.