Faili Mia Mbili za Mwalimu

Mama Nakala alitoka dukani kwake dakika kumi tu, kwenda kununua karatasi. Aliporudi alimkuta mwanamume amekalia kiti chake, mguu juu ya mguu, anapuliza chai. Chai yenyewe ya Mama Nakala, na kikombe chake.

"Tayari," mwanamume akasema. "Kazi uliyosema itakula asubuhi nzima nimeimaliza kwa mstari mmoja."

Huyu alikuwa shemeji wa mteja, na mtaani alijiita Mtaalamu kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kumwita hivyo. Mteja mwenyewe, mjane wa mwalimu, alikuwa kwenye benchi, amekumbatia mkoba. Mumewe aliacha kamusi ya lugha ya kwao, faili mia mbili alizoandika kwa miaka ishirini na mitatu kwenye kompyuta ya kizamani. Herufi zenye vitone na vikofia zilihifadhiwa kwa utaratibu ambao mashine za leo zimeuacha, kwa hiyo kwenye skrini zilionekana kama mende waliokanyagwa. Zilitakiwa zigeuzwe kuwa UTF-8, utaratibu unaosomwa na mashine za leo, na kumfikia mchapishaji kabla ya saa sita mchana. Zingechelewa, nafasi ya kamusi angepewa mwingine.

Mama Nakala akainamia skrini. Majina ya faili yalikuwapo yote, yamejipanga kama wanafunzi gwarideni. Ukubwa wa kila moja: sifuri. Sifuri. Sifuri.

"Amri ya iconv, ile ya kugeuza herufi, umeiwekea alama ya mshale irudishe matokeo kwenye faili ileile?"

"Sasa niyapeleke wapi? Nimjazie shemeji flashi takataka?"

Damu ikamchemka. Mshale ule hauna adabu: kwanza unafuta faili unayoielekezea, ndipo programu inaruhusiwa kusoma. Inapofika inakuta ukumbi mtupu, nayo haisemi kitu. Somo hilo Mama Nakala alilipata kwa machozi. Miaka tisa nyuma, mshale huohuo ulimfutia mwanafunzi mmoja tasnifu nzima, na yeye ndiye aliyeubonyeza. Tangu siku hiyo hagusi faili ya mtu kabla ya kuitolea nakala, na mtaa ukampa jina. Nakala ya faili za mwalimu ilikuwa kwenye flashi ndani ya droo tangu saa mbili, imefungwa raba nyekundu.

Alikuwa anafungua mdomo kulisema hilo, mjane akamtangulia. "Kuna nini, dada?"

"Usiumie, shemeji," Mtaalamu akadakia. "Faili zilikuwa mbovu tangu zamani. Si unamjua kaka? Mashine hakuziweza. Alihifadhi hewa."

Mama Nakala akaufumba mdomo. Droo ingesubiri. Alitaka mtu huyu aungame kwa kinywa chake, hapahapa, mbele ya mjane aliyedanganywa.

"Marehemu alihifadhi nini? Hebu rudia."

"Hewa," Mtaalamu akarudia, akakitua kikombe mezani.

"Na wewe hukugusa kitu?"

"Mimi nilikuwa nasaidia tu!"

Mjane alikuwa ameinama. "Kila jioni nilimsikia akigonga vile vibonye," akasema polepole. "Miaka yote ile. Kumbe alikuwa anaandika hewa?"

Basi. Moto ulikuwa unamwunguza asiyestahili. Mama Nakala akaivuta droo kwa nguvu hadi kalamu zikaruka, akaibwaga flashi mezani.

"Dada, mumeo aliandika kila neno, na yote haya hapa. Aliyeyafuta kwenye flashi yako ni huyu, kwa dakika kumi, akinywa chai yangu. We bwana, toka kwenye kiti!"

Mtaalamu akatoka. Mama Nakala akafungua folda mpya, akaelekeza matokeo yote huko, mbali na faili za asili, akabonyeza kibodi kana kwamba inamdharau. Kisha akafungua faili moja. Vikofia vilikuwa vimekaa vichwani mwa herufi.

"Soma, dada. Mimi lugha yenu siijui."

Mjane akasogea, midomo ikicheza. Ghafla akacheka, machozi yakimtoka. "Hapa ameeleza maana ya 'dhoruba.' Mfano wake: 'Mke wangu akinyamaza, funga madirisha.'"

Saa tano na robo faili zikaenda kwa mchapishaji. Mtaalamu akajikohoza. "Si mnaona? Mwisho wake yote yamekwenda vizuri."

Mjane hakumjibu. Alimtazama tu, kimya, kwa muda mrefu.

Mama Nakala akainuka, akafunga madirisha.