Zamu ya Lupakisyo

Mwaka ule wa sabini, katika kijiji cha Tupendane, mtu aliyesema neno "changu" mbele za watu alitazamwa kama mtu aliyetukana msibani. Kila kitu kilikuwa chetu. Shamba letu, ghala letu, trekta letu ambalo halikuwahi kufika, mbuzi wetu waliokufa wote kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amewanywesha maji. Na baiskeli ya Lupakisyo nayo ilikuwa yetu.

Sasa hiyo baiskeli usiifikirie baiskeli hivi hivi. Ilikuwa na magurudumu matatu, kiti cha mbao mbele, sanduku la mizigo nyuma, na pedeli zake zilikaa juu, karibu na kifua, zikazungushwa kwa mikono. Iliundwa na Rafaeli, fundi wa kuchomelea vyuma katika kambi ya wajenzi wa barabara kule Mikumi, na aliiunda kwa kipimo cha Lupakisyo, kwa sababu Lupakisyo hakuwa na miguu. Yote miwili ilikatwa juu ya magoti siku kitoroli cha mkonge kilipoacha reli, katika shamba moja upande wa Rudewa. Alikuja kutoka Tukuyu akiwa kijana wa kukata mkonge. Miaka kumi na miwili baada ya ajali alikuwa mtu wa kukaa mlangoni akisokota kamba za mkonge huo huo, mikono imekuwa minene hadi mashati yanambana.

Wanakijiji walimpenda, tuwape haki yao. Pamba ya kwanza ya kijiji ilipouzwa, kabla hata ya kununua bati moja la ghala, walikubaliana kwamba Lupakisyo atengenezewe chombo. Wakampeleka Mikumi kwa lori akapimwe, wakaenda tena kukichukua, wakarudi wakiimba njia nzima. Lupakisyo alilia siku hiyo, na hakujificha. Kisha mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Oswald, akachukua brashi akaandika nyuma ya sanduku kwa rangi nyeupe, MALI YETU. Wiki iliyofuata akabandika ratiba.

Jumatatu, pamba. Jumanne, maji ya Bi Joha na wazee wenzake wenye migongo mibovu. Jumatano, mahindi kwenda mashineni. Alhamisi, mwenyekiti kwenda mikutanoni. Ijumaa na Jumamosi, wagonjwa, na kama hakuna mgonjwa, kuni. Jumapili, kuanzia saa tano watu wakitoka ibadani mpaka saa nane, Lupakisyo.

Ehe, ndivyo ilivyokuwa. Mtu asiye na miguu alipata baiskeli yake saa tatu kwa wiki. Siku nyingine alikaa pale pale mlangoni, akasikia mnyororo ukilia njiani, akajua kwa mlio tu kama aliyepanda ni mzito au mwepesi. Angemlalamikia nani? Hao hao ndio waliomnunulia. Ilimuuma, na aliona haya kwamba inamuuma.

Mwezi wa sita wakapita watu wa halmashauri na tangazo. Kila chombo cha magurudumu kiwe na kipande cha bati kuonyesha kimelipiwa ushuru, na kisichokuwa nacho ifikapo mwisho wa mwezi kitachukuliwa. Baiskeli za kawaida hazikuwa tatizo. Lakini chombo cha magurudumu matatu chenye sanduku kilipangwa fungu moja na mikokoteni ya wafanyabiashara, na ushuru wa fungu hilo kijiji hakikuuweza, maana mvua zilikuwa zimeitupa pamba ya msimu huo. Oswald akasema waziwazi kwamba wasipopata msamaha, ni heri chombo kirudishwe Mikumi kikauzwe kuliko kunyang'anywa bure. Lupakisyo hakula siku hiyo. Zile saa tatu zilikuwa chache, lakini hakuwa na nyingine.

Na msamaha ulikuwapo. Tangazo lenyewe lilisema kwamba mtu asiyeweza kutembea asitozwe. Oswald akaona kazi imekwisha. Aliandika barua ndefu yenye mapambano na ukombozi ndani yake, na kwa kuwa aliamini wingi ndio nguvu, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya alama za dole gumba. Sitini na mbili. Wawili kati ya hao walikuwa bado wananyonya, ikabidi mama zao wawashike vidole.

"Serikali ikiona umoja huu," alisema akipepea karatasi ikauke, "itakataaje?"

Wakaenda Kilosa. Oswald alikaa kitini akizungusha pedeli, Lupakisyo akakaa nyuma sandukuni, juu ya gunia la mahindi ambalo Oswald alilipakia ili safari isiende bure. Walipofika, mwenyekiti aliingia ofisini peke yake, akamwacha Lupakisyo barazani ndani ya sanduku. Dirisha lilikuwa wazi, akasikia yote.

Karani wa ushuru aliitwa Cleopa, kijana wa milimani, aliyesoma shule ya misheni na kujifunza huko kutoruka mstari hata mmoja. Aliisoma barua nzima, mapambano na ukombozi vyote.

"Mwenye chombo ni nani?" akauliza.

"Sisi sote, ndugu. Kijiji kizima."

"Na kijiji kizima hakiwezi kutembea?"

Oswald akacheka, akidhani ni utani. Cleopa hakucheka. Akatoka nje, akayasoma maandishi ya rangi nyeupe, akalitazama gunia, kisha akamtazama mtu aliyekaa juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Baiskeli hii unaiendesha mwenyewe?"

Oswald, nyuma ya karani, alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu kumwonyesha aseme ndiyo. Lupakisyo alimwona. Lakini alikuwa amechoka, na lile gunia lilimchoma.

"Jumapili," akasema. "Mpaka saa nane."

Cleopa akaeleza, tena kwa upole, kwamba msamaha ni wa mtu, si wa kijiji. Chombo kiwe chake, kiandikwe jina lake, akiendeshe yeye. Walete muhtasari wa mkutano wa kijiji unaosema hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, naye atatoa bati siku hiyo hiyo. "Na safari hii msiniletee vidole," akamwambia Oswald. "Nataka jina moja."

Njiani Oswald alinung'unika mpaka mate yakamkauka. Vijana wa siku hizi, elimu ya kikoloni, watu wa kutaka kutugawa. Walipokaribia nyumbani akatulia ghafla. Alikuwa amepata wazo, na wazo la Oswald lilijulikana kwa jinsi alivyoanza kupiga mluzi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa kambi ya zamani ya mkonge. Lupakisyo alikuwa amesokota kamba tangu alfajiri bila kuona anachosokota. Alikuwa amejiandaa kuomba. Jinsi ya kuliomba jambo lenyewe ndiyo iliyomshinda.

Oswald akamwondolea shida hiyo mara moja.

"Ndugu zangu, jambo ni jepesi," akasema. "Tunaandika kwenye karatasi kwamba baiskeli ni ya ndugu Lupakisyo. Tunapewa bati. Tukirudi hapa, ratiba inabaki kama ilivyo. Nani wa Kilosa atakuja kuhesabu zamu zetu?"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema mwenyekiti ana akili kama Mzungu, na Oswald akakubali sifa hiyo kwa kuinamisha kichwa. Kila mtu alifurahi. Chombo kingebaki, ushuru usingelipwa, na Jumapili ya Lupakisyo ingekuwa salama. Yeye alitakiwa kunyamaza tu, na kwa kunyamaza alikuwa bingwa.

"Hapana," akasema.

Makofi yakafa. Alishangaa mwenyewe kuisikia sauti yake.

"Hapana nini?" akauliza Oswald.

"Sitaki iwe yangu kwenye karatasi. Nataka iwe yangu."

Hapo palizuka kelele. Mtu wa nyuma akasema neno kabaila, hivi hivi, kwa mtu anayekaa kwenye ngozi ya mbuzi. Mwingine akasema pamba ilikuwa ya jasho la wote. Na kweli ilikuwa ya jasho la wote, na Lupakisyo alijua. Wakiamua sasa hivi kuirudisha Mikumi, nani angewalaumu?

Bi Joha akasimama, akishika kiuno kama kawaida yake. Alikuwa mjane, jirani yake wa mlango wa pili, na katika miaka yote hiyo Idi haikuwahi kupita bila sahani yake kufika kwa Lupakisyo.

"Mimi naomba nimuulize mwenyewe," akasema. "Baba, na maji yangu ya Jumanne? Mgongo huu unaujua. Unataka nirudi kubeba ndoo kichwani?"

Hilo ndilo swali alilolihofia kuliko yote, na lilitoka kwa mtu aliyempenda kuliko wote.

"Bi Joha," akasema, "nitakujibu, lakini kwanza niulize na mimi. Miguu yako ni ya nani?"

Watu wakacheka kidogo. Bi Joha akaitazama miguu yake. "Yangu."

"Na yako, Mwenyekiti?"

Oswald hakuwa mtu wa kunaswa kirahisi. "Yangu," akasema, "lakini ikifika zamu ya shamba ni ya kijiji. Naileta shambani kama wengine wote."

"Unaileta. Nimekuona, hujakosa siku. Lakini jua likizama unarudi nayo nyumbani." Lupakisyo akameza mate. "Mimi yangu nikimaliza zamu inabaki ghalani. Nikitaka kwenda kumpa pole mfiwa, nasubiri Jumapili. Mvua ikininyeshea mlangoni, nasubiri mtu apite. Mlinipa miguu, ndugu zangu, na sitasahau mpaka nakufa. Kisha mkaipangia ratiba."

Kisha akamgeukia jirani yake.

"Bi Joha, sasa nakujibu. Maji ya Jumanne si mimi niliyekuletea. Yaliletwa na ratiba. Tangu nikatwe, wewe unanipa chakula kila Idi, na mimi sijawahi kukupa hata kikombe cha maji, kwa sababu sina ninachoweza kukupa. Kila ninachokitumia ni cha watu. Siwezi kuahidi kitu hapa mbele ya mkutano, maana nikiahidi ili mnipe, itakuwa zamu tena. Mkinipa, nipeni. Mkinyima, nitaelewa, na nitawashukuru kwa zile Jumapili."

Alimaanisha kila neno na alijua amejiponza. Mtu mwenye busara angeahidi maji.

Oswald akatazama chini. Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini jambo zuri kwa bidii iliyozidi kipimo. "Tupige kura," akasema hatimaye. "Anayekubali baiskeli iwe ya Lupakisyo, yake kabisa, bila ratiba, anyooshe mkono."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Bi Joha. Aliunyoosha kwa taabu, kwa sababu ya mgongo, na hakumtazama mtu. Wakafuata wanawake wa upande wake, kisha wakata mkonge wa zamani waliokuwapo siku ya kitoroli. Ikapanda mingine, mmoja mmoja, bila haraka. Yule aliyesema kabaila alikuwa wa mwisho. Oswald alihesabu, akatangaza, kisha akaunyoosha na wa kwake, akasema mwenyekiti hupiga kura baada ya watu.

Jumatatu Lupakisyo alikwenda Kilosa peke yake na muhtasari mfukoni. Njia ile aliyoipita akiwa mzigo, leo aliipita akiwa mbele, akachagua mwenyewe mashimo ya kukwepa. Cleopa alimsalimu, akausoma muhtasari wote, akafungua daftari kubwa.

"Jina la mwenye chombo?"

"Lupakisyo Mwakalinga."

"Anakiendesha nani?"

"Mimi."

"Siku gani?"

Lupakisyo akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Andika zote."

Cleopa akaandika: amesamehewa ushuru. Akatoka mwenyewe na bisibisi, akapiga magoti vumbini na suruali yake iliyopigwa pasi, akakifunga kile kipande cha bati chini ya kiti. Lupakisyo akamshika mkono na kuushikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Karani hakuuvuta.

Alirudi kijijini jua likiwa bado kali. Akapita ghalani, ambako kwa mazoea mtu alikuwa ameshafungua mlango wa kuiingizia baiskeli. Akapita. Akafika nyumbani kwake, akapita napo, akasimama mlango wa pili.

"Hodi, Bi Joha."

Bi Joha akatoka akifuta mikono kwenye kanga. Aliitazama baiskeli, akamtazama aliyekaa juu yake, jasho likimtiririka, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Karibu, baba. Umepata?"

"Nimepata. Madebe yako yako wapi?"

"Madebe?" Bi Joha akashangaa. "Leo Jumatatu. Si zamu yangu."

"Najua," akasema Lupakisyo. "Yalete."