Zamu ya Verna Pascoe Kupaza

Pale Warrabin, mji mdogo wa wakulima wa ngano, mtu hasemi kwamba atawanunulia wenzake vinywaji. Anasema "napaza", kwa neno lile lile la kupaza sauti, na kila mwenye kiu anaelewa. Mkikaa wanne, mmoja anapaza, glasi zikikauka anapaza wa pili, hivyo hivyo mpaka zamu ziishe. Ukimnunulia mtoto aiskrimu, umempazia. Farasi wako akishinda mbio, unapaza. Jirani akikuvutia gari lako kutoka mtaroni, unapaza na wala hujitetei. Lakini anayekunywa za wenzake, kisha zamu yake ikifika akakumbuka kuwa mkewe anamngoja, huyo jina lake linanuka hadi mji wa pili.

Neno lenyewe lilikotoka, hakuna anayejua kwa hakika. Dinny Quill, mwenye baa, anasema lilizaliwa kwenye machimbo ya dhahabu enzi hizo, baa zilipojaa makelele hata mwenye kutaka kinywaji akalazimika kumpigia mhudumu ukelele, na aliyepiga ukelele ndiye aliyelipa. Alby Kessell, mkulima wa ngano mwenye kitambi cha heshima, anasema huo ni uzushi wa Dinny, neno lilikuja na mababu melini. Ubishi huo una miaka, na kila ukianza watu huagiza tena, kwa hiyo Dinny hana haraka ya kuumaliza.

Verna Pascoe aliyajua hayo yote tangu usichana wake, ila aliyajulia upande wa pili wa ukuta. Wanawake walikuwa na chumba chao nyuma, wakipewa vinywaji vyao kupitia kidirisha. Mambo yalipobadilika wakaruhusiwa kuingia baa kubwa, Verna alikuwa wa kwanza kuingia, na kofia yake ya shambani kichwani. Hakuna aliyeshangaa sana. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, naye alilima ngano mwenyewe na kuivuna mwenyewe, na ukimdharau kwenye bei ya kondoo unaondoka umeuziwa vilema.

Mwaka ule, ngano ikiwa imekauka vizuri na mawingu yameanza kujikusanya upande wa magharibi, Verna aliteleza kwenye ngazi ya kombaini, mashine yake ya kuvunia, akavunjika mguu. Jumapili yake, kabla umande haujakauka, aliamshwa na ngurumo, akadhani ni mvua. Kumbe ni majirani. Alby alikuja na kombaini yake, wengine na zao, na nyuma yao malori. Hata Clarrie Noonan alikuja, ingawa alikuja kwa lori la mtu mwingine ili asitumie mafuta yake. Mpaka jua linazama, shamba lote lilikuwa mabua matupu, na ngano iko ghalani. Mvua ilinyesha Jumanne.

Verna alilia siku ile, na haoni haya kusema kwamba alilia. Akaapa kwamba mguu ukipona atakwenda kwa Dinny apaze baa nzima.

Mguu ukapona, akaenda. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana hakuna aliyekubali.

"Bi Pascoe, funga hiyo pochi, nzi wataingia," alisema Alby, na kabla hajamaliza kusema amekwisha kumwekea Dinny noti yake.

"Alby, nimekuja kupaza."

"Umekuja kukaa. Kaa. Mguu unaendeleaje?"

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Iliyofuata tena, alimpa Dinny hela kabla ya watu kufika, wakampokonya Dinny na kuzirudisha kwenye mfuko wa koti la Verna bila yeye kujua. Alizikuta nyumbani alipokuwa akitafuta leso. Mwanamke akilipa, wanaume wa Warrabin waliona kama paa la nyumba litawaangukia. Walimpenda, ndiyo, na walimnywesha kama ndama aliyefiwa na mama.

Iliuma, tena iliuma kweli. Kupewa ni kuzuri, lakini kupewa tu, bila siku ya kutoa, kunamfanya mtu mzima ajione mgonjwa. Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe, sembuse yeye aliyezaliwa hapo hapo Warrabin. Aliwasikia wakiitana kwa majina, Alby, Dinny, Clarrie, wakitukanana kwa raha zao, halafu wakigeukia upande wake sauti zinalainika: Bi Pascoe, Bi Pascoe. Akajua kwamba asipopaza, atakufa akiwa Bi Pascoe.

Sasa, baa ya Dinny ina desturi nyingine, ya zamani zaidi. Mtu akimaliza kinywaji chake, akaipindua glasi na kuisimamisha kichwa chini juu ya kaunta, ametangaza kwamba humu ndani hakuna anayemweza. Mwenye kubisha huigeuza glasi, na wawili hao hutoka uani kupigana. Atakayeanguka kwanza ndiye aliyeshindwa, na aliyeshindwa anapaza baa nzima. Hiyo haipingwi. Mara ya mwisho aliyepindua alikuwa mkata manyoya ya kondoo kutoka mbali, ambaye jino lake bado limo kwenye chupa ya achari nyuma ya kaunta, na Dinny huipangusa vumbi chupa hiyo kila Krismasi.

Jumamosi ya nne Verna alikaa pembeni, akanywa bia aliyopaziwa. Wanaume walikuwa wakigombana na Clarrie.

"Nani anapaza sasa?" Clarrie aliuliza, akitazama dari.

"Wewe."

"Mimi? Si nilipaza juzi?"

"Juzi ya mwaka gani?" alisema Dinny.

"Mwacheni," alisema Alby. "Huyu hata papa akimng'ata hapazi."

Wakacheka. Katikati ya kicheko hicho Verna aliimaliza bia yake, akafuta mdomo, akaipindua glasi. Ilitoa sauti ndogo tu, tok, lakini baa nzima iliisikia.

"Bi Pascoe," Dinny alisema polepole, "labda mkono umeteleza."

"Haujateleza."

Akavua miwani akamkabidhi. Kisha akageuka kidogo, kwa adabu, akatoa meno yake ya bandia akayafunga kwenye leso. "Na haya nishikie. Sitaki yaingie kwenye chupa yako."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Verna alikunja mikono ya sweta, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, wanaume wa Warrabin," alisema, maneno yakiwa yamelegea kidogo kwa kukosa meno. "Mmenivunia ngano yangu, nikanyamaza. Mmeninywesha mwezi mzima, nikanyamaza. Leo ama mtakunywa bia yangu, ama mmoja wenu atanipiga. Nani?"

Macho yote yakamwendea Alby, maana ndiye mkubwa wa mwili, na glasi ikipinduliwa mkubwa wa mwili hana pa kujificha. Alby akawa mwekundu hadi masikioni. Akatembea mpaka kaunta, akaigeuza glasi kwa vidole viwili kama anashika yai.

Wakatoka uani, baa yote nyuma yao. Jua lilikuwa kali, na mbwa wa Dinny akainuka kuwapisha. Alby alisimama mbele ya Verna, mikono imening'inia. Ndipo wazo likamjia, na uso wake ukang'aa.

"Lakini mimi nimekwisha shindwa!" alisema. "Tazameni, naogopa, natetemeka. Bi Pascoe ameshinda. Aliyeshindwa anapaza, kwa hiyo napaza mimi!"

Watu wakapiga makofi. Wameponea chupuchupu. Verna alihisi machozi yanamlenga, kwa hasira safari hii. Wangemshinda tena, na kwa desturi yao wenyewe.

"Kushindwa ni kuanguka," alisema. "Wewe umesimama."

"Basi naanguka!"

Alby akaanza kuanguka. Lakini mtu mwenye kitambi kile haanguki hivi hivi. Alishika goti kwanza, akatafuta ukuta, akaguna, akateremka goti moja, akatafuta mahali pa kuweka la pili pasipo na kinyesi cha kuku. Verna alimtazama, akaelewa afanye nini. Miezi ile yote ya magongo ilikuwa imemfundisha jambo moja vizuri sana, nalo ni kujiangusha. Akaupeleka mguu wake mbovu pembeni, akalala chali vumbini, kofia ikabingirika hadi kwa mbwa.

"Nimepigwa!" aliita akiwa chini. "Alby Kessell amenipiga! Dinny, bia kwa wote!"

"Sijamgusa!" Alby alipiga kelele, goti moja bado hewani.

Pakawa na zogo. Huyu anasema wamefika chini pamoja, yule anasema Alby alitangulia kwa nia. Dinny aliinua mikono akitaka shahidi asiye na upande, na katika zogo hilo sauti moja ikawazidi wote.

"Yeye ndiye aliyeanguka kwanza! Nimeona kwa macho yangu haya!" Alikuwa Clarrie Noonan, mishipa ya shingo imemtoka. "Kaanguka, kashindwa, anapaza yeye! Desturi ni desturi! Mnataka kuwadharau wazee waliotuachia?"

Kila mmoja alijua kwamba zamu iliyokuwa ikingoja ndani ilikuwa ya Clarrie. Lakini hakuna aliyeweza kupinga, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli.

"Bi Pascoe ameshindwa," Dinny alitangaza kwa huzuni. "Anapaza."

Walimwinua, wakampangusa vumbi, wakamrudishia miwani na meno. Akasimama kaunta akahesabu vichwa kwa kidole, akafungua pochi, na safari hii hakuna mkono uliomzuia. Alby alipokea bia yake, akaitazama muda, kisha akaiinua.

"Ngano ilikuwa nzuri," alisema.

"Ilikuwa nzuri," alisema Verna. Wakanywa.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi kama ile, Verna alikuwa amekaa kati ya Alby na Clarrie. Dinny alikuwa ameanza tena hadithi yake ya machimbo ya dhahabu, Alby anamkatiza, na Verna, aliyenogewa na ubishi, hakuona kwamba glasi zote nne zimekauka. Clarrie aliziona. Alizitazama, akamtazama yeye, akagonga kaunta kwa ukucha.

"We Verna," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ni zamu yako kupaza, usijifanye umesahau. Bahili mkubwa wee!"

Alby akainamia glasi yake kuficha mdomo. Verna Pascoe akafungua pochi taratibu, kwa kuwa macho yalikuwa yamemjaa maji na hakuwa akiona vizuri kilichomo, na katika maisha yake yote hakumbuki kuambiwa neno lililomfurahisha kuliko lile.